Ndimu za Katilu na Uso wa Yar

Nakeno wa Lodwar alikuwa na mashavu laini kuliko umri wake, na siri yake haikuwa siri: asali, maziwa mala na maji ya ukwaju. Alikoroga jikoni, akajipaka, akakaa ndani mpaka ikauke, kisha akaosha. Majirani walimcheka eti anajipaka chakula cha mchana. Wakishamaliza kucheka, wanaomba kidogo.

Mwanzoni mwa 2013 rafiki yake Agot, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza vitambaa kambini Kakuma, alimpigia simu. Binti yake, Yar, ana chunusi, na watu wa mchumba wanakuja Jumamosi.

"Dada, kuja na ile chakula yako ya uso."

Ukwaju ulikuwa umeisha. Lakini palikuwa na ndimu za kutoka Katilu, kijani, zimejaa maji. Nakeno akajiambia, uchachu ni uchachu. Akakamua nyingi, maana chunusi za kuchumbiwa hazitaki mchezo, akafunga kopo, akaenda Kakuma.

Alimpaka Yar kivulini mwa mlango, uso mzima hadi kwenye nywele. Na kama Mturkana yeyote anayesifia kitu, kila alipogusa shavu alisema, "Ejok. Ejok noi." Yaani nzuri, nzuri sana.

Pembeni alikaa Akon, nyanya yake Yar, aliyefika juzijuzi akikimbia vita vya Jonglei kwao Sudan Kusini. Hajui Kiswahili wala Kiturkana. Alimkazia Nakeno macho bila kupepesa. Nakeno akamkonyeza. Hakukonyezwa.

Mara ikasikika kwamba maji yamefunguliwa bombani. Yar akajifunga kitambaa kichwani, akabeba mtungi, akakimbia na uso wake uliopakwa, akapanga foleni juani.

"Muache," Nakeno akacheka. "Wakimuona watataka wote."

Kesho yake asubuhi, Nakeno akiwa bado kwa Agot, Yar aliamka akilia. Mashavu yalikuwa mekundu, yamevimba, na malengelenge yameshuka hadi shingoni mahali rojo lilipochuruzika. Ungedhani amemwagiwa mafuta ya moto. 

Akon akasimama, akamnyooshea kidole.

"Jok!"

Nakeno, kwa kuchanganyikiwa, akadhani anasalimiwa, maana kwa Waturkana ejok ni salamu pia. Akajibu kwa heshima zote, "Ejok! Ejok noi!"

Kikombe kikamponyoka Agot. "Nyamaza, dada! Kwetu jok ni pepo. Ile inakula mtu. Miaka yote nasikia nyinyi mkisema ejok, sijawahi kufikiria. Mama anasema ulikuwa unapaka mtoto huku unaliita."

Kuany, baba mdogo wa Yar, akafunga geti la mabati, akasimama nalo mgongoni, fimbo mkononi.

"Mama, hautoki. Uso wa mtoto ukirudi, utarudi Lodwar."

"Na usiporudi?"

Kuany akaangalia fimbo yake. 

Nje ya ua watu walianza kujaa. Nakeno alisikia minong'ono ya lugha asiyoijua, na katikati yake neno lile moja, tena na tena.  Asali ni ileile, alijiambia. Maziwa ni yaleyale. Ndimu? Ndimu watu wanakamulia mchuzi! Ndipo hofu mbaya zaidi ikamjia: je, kama bibi huyu anasema kweli? Tangu azaliwe neno hilo haliishi mdomoni mwake, asubuhi na jioni. Labda huwa kuna kitu kinaitika.

Yar aliletwa kupepewa, na kitambaa cha kichwani kikafunguliwa. Nakeno akatazama kwa kuibia. Paji la uso lilikuwa safi. Alilipaka yeye mwenyewe, na rojo lileile, lakini pale kitambaa kilipofunika hapakuwa na lengelenge hata moja.

"Agot, nipe lile kopo."

"Dada, unataka kutuua?"

"Nataka kujiua mimi kwanza. Lete."

Akajipaka mikono yote miwili. Mmoja akauficha ndani ya shuka, mwingine akaunyoosha juani, akaketi katikati ya ua.

"Ni uchawi mwingine huo?" Kuany akauliza, huku akisogea nyuma.

"Ni mwili wangu. Ukiogopa, geuka."

Alikaa mpaka kichwa kikazunguka. Mkono haukubadilika. Jioni ikafika, mkono ni uleule, mzima, mnene. Nje mtu akapiga bati kwa jiwe. Hakuna aliyekaribia alipolala, na hata usingizi haukumkaribia.

Kulipopambazuka, mkono wa juani uliwasha kama moto, na malengelenge yamejipanga. Nakeno hajawahi kufurahia kidonda namna ile. Akamkimbilia Akon na mikono yote wazi.

Akon akatazama, akasema neno.

"Anasema," Agot akatafsiri kwa sauti ndogo, "sasa imekuingia na wewe."

 Nakeno akajikuta amepiga magoti, ameweka mikono yake miwili mapajani mwa bibi, mbovu na mzima.

"Mwulize. Nimepaka ndimu mikono yote, umeungua ule wa juani tu. Pepo gani huyo anaogopa shuka?"

Agot akauliza.  Akon akamvuta Yar, akapitisha kidole gumba pale ngozi safi ilipokutana na ile iliyoungua, pole pole, kutoka sikio hadi sikio. Kisha akaangalia jua, akamwambia Agot jambo.

"Anasema mtoto aingie ndani. Na wewe, ingia. Jua ni kali."

Kuany hakufungua geti. Aliweka fimbo chini, basi. Watu wa mchumba walitumiwa habari kwamba binti ni mgonjwa, na hakuna aliyejua kama watakuja tena.

Ndani kulikuwa na giza na joto. Nakeno alichovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akakikamua. Akakipeleka kwenye lile shavu. Yar alifumba macho kwa nguvu, lakini hakugeuza uso.

"Mama, sema kitu," akanong'ona. "Ukinyamaza naogopa zaidi."

Nakeno akafungua mdomo. Kila neno zuri alilokuwa nalo lilianza na lile moja asiloweza kulitamka.

"Utapona," akasema kwa Kiswahili, na akaomba Mungu liwe kweli.