Fensi ya Madebe

Wanasema Wazungu walipofika Sisibo, mji mnaouita Eldoret, ardhi ilikuwa tupu. Shikeni hilo neno, tupu. Mimi sijalisahau.

Mwaka wa nzige, jirani yangu Nicanor Wepukhulu, kibarua kama mimi kwenye shamba la Kaburu mmoja kule Kiplombe, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Nandoli. Kaburu akatangaza: ng'ombe wa kibarua akipatikana nje ya zizi, mwenyewe amenyang'anywa. Basi Nicanor akaamua kumjengea Nandoli fensi ya chuma, kwa mikono yake.

Alipasua madebe ya mafuta ya taa, akayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, tukayapigilia kwenye nguzo, moja likilalia jingine. Mahali alipochagua ni shimo pana la duara lenye mawe kandokando, zizi la Wasirikwa, wafugaji waliotoweka kabla ya babu zetu. Upande wa bondeni palikuwa na mwanya. Akauziba pia.

Asubuhi, madebe ya kwenye mwanya yalikuwa yamebonyea kwa ndani. Nje, umande haujakanyagwa. Na kwenye bati, usawa wa bega la ng'ombe, manyoya mekundu. Nandoli ni mweusi.

Nicanor akayanyoosha madebe, akaongeza misumari. Kesho yake, yamebonyea tena.

Mama Chepkoech, mzaliwa wa hapo, akapita na kuni zake, akacheka.

"Wewe Mbukusu, mbona unawafungia watu mlango wao?"

"Watu gani, Mama? Hapa ni tupu."

"Tupu! Umeanza kuongea kama Kaburu. Bado kofia tu."

"Nikifungua, Nandoli atatoka, nimpoteze."

"Ng'ombe hatoki mlango ambao wenzake wanaingia."

Jioni hiyo, jua likizama, bati likaanza kunguruma kama tumbo. Kitu kizito kilikuwa kinaliegemea, kwa subira. Ndani, Nandoli akaitikia, ule mlio wa kuita wenzake. Nicanor akanitazama. Kisha akachukua koleo, akang'oa misumari, akaufungua mwanya. Harufu ya vumbi na maziwa ikatupita, ndefu, na joto likatusugua mapajani. Hatukuona kitu. Lakini tulisogea tuwapishe.

Asubuhi Kaburu akauona mwanya akiwa juu ya farasi.

"Wepukhulu! Fensi iko wazi. Ng'ombe ni wangu."

"Lakini hajatoka, Bwana." Kweli, Nandoli alikuwa amelala katikati, anacheua.

Farasi akagoma penye mwanya. Kaburu akashuka, akaingia na kamba. Hatua chache, akasimama. Akainua viwiko, kama mtu aliyebanwa zizini wakati wa kukamua. Akasukumwa kushoto. Akasukumwa kulia. Kofia yake ikaanguka, nasi tukaiona ikididimia matopeni, mara moja, mara ya pili, na hakuna mguu juu yake.

Akatoka kinyumenyume, suruali imejaa manyoya mekundu.

"Hawa ng'ombe wote ni wa nani?"

"Mimi, Bwana," akasema Nicanor, "nina mmoja tu."

Nandoli alizeekea pale, mwanya ukiwa wazi. Na mpaka leo watoto wetu wanafundishwa kwamba ardhi ilikuwa tupu. Mimi nilikuwepo. Niliiona hiyo tupu ikikanyaga kofia.