Maneno ya Bi Biasha

Kidawa Usi alikuwa ubaoni, anawachorea wanafunzi wake mito ya Afrika kwa chaki ya buluu, alipoambiwa mwalimu mkuu anamwita. Ilikuwa Februari ya 1964, mwezi mmoja tu baada ya Mapinduzi, na siku zile mtu akiitwa hakujua anaitiwa heri au shari. Alijipangusa chaki, akajitanda buibui lake, akateremka. Ofisini alimkuta mwanamume mwembamba amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu mwenye safari. Jina lake Ndugu Mcha, na alitoka katika ofisi mpya iliyoshughulikia mambo ya nchi za nje.

"Nasikia Kiingereza chako kizuri," alisema. "Na Kiarabu unasoma na kuandika."

"Nnasoma."

"Wageni wanatujia kila wiki, na watu wa kusema nao hatuna. Kesho uje ofisini kwetu, pale karibu na Forodhani."

Kidawa hakuiomba kazi ile, wala hakuulizwa kama anaitaka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Bwejuu. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno, akalelewa na mama yake mkubwa, Bi Biasha, mpaka alipotimiza umri wa skuli, baba yake akamchukua mjini. Tangu hapo akili yake ilikuwa ya mjini na moyo wake umegawika nusu kwa nusu. Alipokaa kwenye meza ya ofisi ile, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba, aligundua kitu kilichomshangaza mwenyewe: kazi ile aliiweza. Aliweza kusikia maneno ya mtu mkali na kuyatoa upande wa pili yamepoa, pasi na mtu kujua yalipopozwa. Mgeni akitoka ameridhika, Ndugu Mcha hutikisa kichwa taratibu kwa kukubali, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Aprili ulikuja msafara wa wahandisi kutoka nchi moja rafiki. Walitaka kuchimba kisima cha pampu katika kijiji kimoja cha mashariki, kiwe zawadi kwa wananchi, na kijiji kilichochaguliwa kikawa Bwejuu. Kidawa alipanda gari pamoja nao, nguo zake zikajaa vumbi jeupe la barabara ya mawe. Mkuu wa msafara alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, na Kiingereza chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani. Njia nzima alimuuliza habari za watu wa huko, wanakula nini, wanaumwa nini. Kidawa alimpenda.

Walipofika, kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika. Mhandisi alionesha kwa kidole mahali palipopigwa vigingi, kwenye tambarare kati ya ufuo na njia ya kwenda pangoni, ambako wanawake walikuwa wakichota maji tangu enzi za mabibi zao. Alieleza injini itakavyovuta maji, na jinsi kina mama watakavyopumzika. Watu walipiga makofi. Ndipo Bi Biasha aliposimama.

Alikuwa mfupi, mikono imekakamaa kwa kupiga makumbi ya nazi na kusokota kamba. Hakusalimia wala hakuzungusha maneno.

"Kidawa, mwambie mgeni wako asichimbe pale. Pale bahari inapita chini kwa chini. Ikijaa huku, na kule inajaa. Akitia mashine yake atavuta chumvi, na atatuharibia na maji ya pangoni. Kama anataka kutusaidia, atutengenezee njia ya kuteremkia pangoni, tusivunjike miguu. Kama hataki, basi achukue chuma chake aende nacho kwao."

Ndugu Mcha alimtazama Kidawa. Mhandisi naye alimtazama, anatabasamu, anangoja. Makubaliano yalikuwa yatiwe saini siku ya pili mjini, na Kidawa alijua kwamba hotuba zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, maana alizipiga yeye.

Akamgeukia mhandisi, akasema kwa Kiingereza: "Mama huyu anakushukuru. Anasema wanawake wa hapa wanayajua sana maji yao, na wanaomba siku moja njia ya pangoni nayo itengenezwe."

Mhandisi aliweka mkono kifuani, akainama mbele ya Bi Biasha. Bi Biasha akadhani amesikilizwa, akakaa.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Mwezi ule ule Zanzibar na Tanganyika ziliungana, shughuli za nchi za nje zikahamia Dar es Salaam, na Kidawa akahamia nazo. Akafunzwa kazi, akapandishwa, akapelekwa kwenye ubalozi katika mji mmoja wa baridi huko Ulaya. Alijifunza kuvaa viatu vyenye manyoya ndani yake, kukaa mezani kwa saa tatu na watu asiowaamini, na kuandika ripoti ambayo waziri anaweza kuisoma akiwa amesimama. Wakubwa walimpenda kwa sababu mkutano wenye Kidawa ndani haukuwahi kuvunjika. Habari za nyumbani alizipata kwa barua. Katika barua ya mwaka 1966 binamu yake mmoja aliandika, katikati ya habari za harusi na misiba, kwamba kisima cha pampu kilitoa maji matamu miezi mitano, kisha yakawa ya chumvi, na kwamba hata ya pangoni sasa hayanyweki ila mvua zinaponyesha. Wanawake wanakwenda mpaka kijiji cha Paje kuchota.

Aliisoma barua ile akiwa amesimama dirishani. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, na hakuijibu. Katika miaka iliyofuata alituma vitambaa, dawa na sabuni, kila mwaka vingi kuliko mwaka uliopita, lakini Bwejuu hakwenda. Likizo zake zote zilimalizikia mjini.

Mwaka 1971 alirudishwa Unguja kwa miezi mitatu. Msafara wa nchi ile ile ulikuwa unakuja kukagua miradi ya zamani kabla ya kutoa msaada mpya, na kiongozi wake alikuwa yule yule mhandisi wa miwani. Ndugu Mcha, ambaye sasa alikuwa mkubwa na amenenepa, alimwambia wazi kwamba jina lake limo katika orodha ndogo ya watakaofikiriwa kuwa mabalozi. "Mwanamke, tena wa Unguja," alisema. "Ziara hii ipite salama tu."

Siku mbili kabla ya ziara, Kidawa alikwenda Bwejuu peke yake. Alimkuta Bi Biasha ufukoni, maji ya bahari yametoka, anapiga makumbi kwa gongo, nyuzi za usumba zimemzunguka miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia." Akasogea kumpa nafasi juu ya jiwe. Alimtazama sana, akamshika kifundo cha mkono kama anayepima unene. "Huko kwenu hakuna chakula?"

Walizungumza habari za watu, nani kazaa, nani katoka duniani. Kidawa alikuwa ameyapanga maneno yake tangu mjini. Alipokaribia kuyasema, Bi Biasha alimtangulia.

"Nasikia wale watu wanarudi. Mimi staki kuwaona. Mwaka ule niliwaambia mbele ya kijiji kizima, na wewe ukawafikishia, wakaniinamia kwa unafiki, kisha wakachimba pale pale." Akatema mate pembeni. "Watu hapa walikusema wewe, eti hukufikisha. Mjaka mwenye duka alisema hivyo mbele yangu, na mpaka leo dukani kwake siendi. Mtoto nimemlea mwenyewe, nitamjua mimi au atamjua yeye?"

Kidawa alifungua kinywa. Upepo ulikuwa unapeperusha usumba mchangani, na mwanamke mmoja alikuwa akipita na ndoo kichwani, anatoka Paje. Akauliza, "Na mgongo wako unaendeleaje?" Hakusema lingine. Alirudi mjini akijidharau.

Siku ya ziara watu hawakupiga makofi. Mkalimani alikuwa kijana wa kike anayeitwa Shamsi, ndiyo kwanza ameajiriwa. Kidawa, kwa cheo chake, alikaa safu ya wakubwa. Mhandisi, nywele sasa nyeupe, alitazama injini iliyokula kutu, akasema kwa sauti ya huzuni kwamba amesikitika, na kwamba laiti mtu angewaonya mwaka ule, wasingechimba mahali pale.

Shamsi alipotafsiri, watu walinung'unika. Bi Biasha akainuka.

"Muongo," alisema. "Nilimwambia kwa kinywa changu. Mwambie ni muongo, na uzee wake wote."

Shamsi akageuka kuwatazama wakubwa. Ndugu Mcha akainama sikioni mwa Kidawa. "Mwambie alainishe. Wewe unajua namna."

Kidawa alijua namna. Sentensi ilikuwa tayari kichwani mwake, nzuri, laini, na isingemuumiza mtu yeyote aliyekaa safu ile.

"Tafsiri kama alivyosema, Shamsi," alisema. "Usipunguze."

Shamsi akatafsiri. Mhandisi alibadilika rangi, akaanza kujibu, ndipo Kidawa alipoinuka. Alisema kwa Kiswahili kwanza, halafu akarudia kwa Kiingereza.

"Mgeni hakusema uongo, na mama yangu pia hakusema uongo. Mwaka ule mkalimani nilikuwa mimi. Mama alisema msichimbe hapa, mtavuta chumvi. Mimi nikasema anakushukuruni. Niliogopa kuharibu sherehe."

Ndugu Mcha alikuwa akitazama viatu vyake. Mhandisi alivua miwani, akakaa nayo mkononi muda mrefu. Kisha akauliza taratibu kama yule mama yuko tayari kumwonesha maji yanapita wapi. Shamsi akamuuliza. Bi Biasha alijitanda kanga yake, akapita katikati ya watu, akaenda zake.

Kidawa alimfuata nyumbani kwake baada ya msafara kuondoka. Alimkuta kakaa barazani, hana kazi mkononi, jambo ambalo Kidawa hakuwahi kuliona maishani mwake.

"Ulikuwa unamuogopa nani?" Bi Biasha aliuliza.

"Sijui, mama. Nilikuwa mpya. Nilitaka wanione naiweza kazi."

"Wakakuona."

"Wakaniona."

"Miaka saba," Bi Biasha alisema. "Mwanamwema wa hapo jirani alianguka njia ya Paje na ndoo yake, akapoteza mimba. Nikamlaani yule mzungu kila sala. Na wewe juzi ulikaa na mimi pale ufukoni, ukaniuliza habari za mgongo."

Kidawa alilia bila sauti, na Bi Biasha hakumzuia wala hakumshika. Baadaye Bi Biasha alisema, "Sina la kukwambia leo. Nenda. Gari lako linakungoja."

Jina la Kidawa liliondolewa kwenye orodha. Ndugu Mcha hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba umekuwa uamuzi wa juu, na kwamba mtu anayeungama mbele ya wageni hawezi kukabidhiwa bendera. Kidawa alipewa kazi ya kuwafundisha wakalimani wapya, chumba kimoja chenye madirisha mawili huko Vuga, mjini Unguja. Aliona uchungu. Alikuwa anaipenda ile kazi nyingine, meza zake ndefu na hatari zake, na kwa muda mrefu alikuwa akisoma magazeti ya nje kama mtu anayesoma habari za mchumba aliyeoa kwingine.

Wahandisi wawili walirudi Bwejuu mwaka uliofuata. Safari hii walikaa wiki tatu, na kila bahari inapojaa na kutoka walikuwa wakipima maji. Bi Biasha alikubali kuwaongoza baada ya kukataa mara mbili, na Shamsi ndiye aliyefuatana nao. Alisimulia darasani kwamba mama yule aliwatukana sana, na kwamba yeye alitafsiri yote. Kisima kipya kilichimbwa mbali, juu kwenye mawe nyuma ya mashamba, na njia ya pangoni ikatiwa ngazi. Maji ya pangoni yalichukua masika mawili kabla hayajaanza kupungua chumvi.

Kidawa alikwenda kijijini kila mwezi, akalala siku moja moja. Bi Biasha alimpokea, akampa chakula, akamuitikia salamu. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mwezi wa saba au wa nane hivi wa safari zile, Kidawa akiwa anaosha vyombo uani, alisikia sauti ikimwita kutoka barazani.

"Naam."

"Vaa viatu. Nataka kwenda dukani kwa Mjaka, na peke yangu siendi. Lazima nimuombe radhi yule mtu, na wewe utasimama pale usikie."

Kidawa alikausha mikono, akamfuata. Bi Biasha alikwenda mbele, kwa miguu mizito, bila kugeuka, na walipofika kwenye mchanga laini alinyoosha mkono nyuma ili ashikwe.