Ajuza wa Boma la Filister

Mama mkwe akiwa hai, mke wa mwanawe hazeeki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Adhiambo. Mwaka ule wa tisini na sita alikuwa amepita sabini, magoti yamemwisha, na bado Rangwe nzima ilimwita Nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo, kana kwamba aliolewa juzi. Mama mkwe wake, Filister, alikuwa anakaribia mia. Meno hana, amri anazo. Uji wa wimbi ukipoa, upashwe. Maji ya kuoga yakichemka mno, yapoozwe. Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Adhiambo alikuwa ameona masufuria.

Shule zilipofungwa, mwanawe Elkana, mwalimu wa Kiswahili kule Suna, alikuja kuwasalimu. Adhiambo alikuwa na ombi moja tu: aende Suna akakae nyumbani kwa Elkana mwezi mmoja, alale mpaka jua litoke. Aliliomba akiwa wima, bakuli la mama mkwe mkononi.

“Na dani ataachiwa nani?” Elkana aliuliza kuhusu nyanya yake. “Mama, nyanya yangu sasa ni ajuza.”

“Ajuza ndiyo nini?”

Swali kama hilo Elkana hawezi kuliacha lipite. Akaeleza kwamba neno lilitoka kwa Waarabu, na asili yake ni kushindwa, kukosa uwezo. Ajuza ni mwanamke mzee aliyeishiwa nguvu. Alieleza vizuri, kwa mifano, hata chai yake ikapoa na mama yake akaenda kuipasha.

Aliporudi nayo, Adhiambo alisema polepole, “Basi ajuza wa boma hili ni mimi.”

Elkana alicheka. Mama yake hakucheka. Machozi yalimtoka, na aibu ikamshika, mtu mzima kulia mbele ya mwanawe. Alikuwa amechoka, basi.

Filister alikuwa mlangoni, amesikia yote. Masikio yake hayakuwahi kuzeeka.

“Nyar Karachuonyo, keti.”

“Bado sijakuletea maji, mama.”

“Keti. Mimi nilimtunza mama mkwe wangu mpaka mvi zikanijaa, na sikuthubutu kusema nimechoka. Nikaona wewe pia husemi. Nikafikiri unaweza.” Akamgeukia mjukuu wake. “Mama yako ataenda Suna. Wewe utabaki hapa unipikie.”

“Mimi, dani?”

“Wewe. Nguvu za kueleza si unazo?”

Elkana alitazama jiko.

Adhiambo akaketi. Miaka zaidi ya hamsini katika boma lile, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele ya mama mkwe bila kuwaza ataitiwa nini.