Harufu Ilipomfuata Mukakalisa

Jumatatu asubuhi Mukakalisa alikuwa nyuma ya ghala la chama cha msingi, huku Nyakasimbi, Karagwe, akichambua kahawa kwenye kichanja, pale katibu Clavery alipomletea kikombe kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mama Liliane. Hii ikoje?"

"Marahaba." Alionja, akatema pembeni. "Hii imeanikwa chini. Ina udongo. Itenge."

Clavery akaandika kwenye daftari kwamba kahawa ina udongo, akatia saini yake. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na minne, na kusema kweli mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Siku hiyohiyo tangazo likabandikwa mlangoni. Chama kilitafuta mwonjaji, mtu wa kukaa ndani, mezani, ajulikane kwa jina. Mukakalisa alilisoma mara mbili. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana, naye ana miaka hamsini na mmoja. Hakutaka makuu. Alitaka siku moja tu ripoti ya kahawa isomwe mbele za watu, na chini yake pawe na jina lake. Akanawa mikono, akaenda kuomba fomu.

Mwenyekiti Mwesiga ni mtu mpole. Alimvutia kiti.

"Mama Liliane, hapa kwetu hatubagui mtu. Mwanamke, mlemavu, mwenye asili ya Rwanda, ya Burundi, wote karibu. Ila fomu inauliza kibanja chako kiko wapi."

"Nalima kwa Rwegasira."

"Hicho ni cha Rwegasira."

"Niliingia Nyakasimbi nikiwa mgongoni kwa mama, mwenyekiti."

"Najua. Na mama yako tulimzika vizuri. Fomu ndiyo haijui."

Kibanja, shamba la migomba na kahawa la ukoo, huku hutoka kwa babu kwenda kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na ukoo hauuzwi dukani. Mukakalisa alirudisha fomu ikiwa safi. Alijikaza mpaka alipoifikia migomba ya Rwegasira, akakaa chini, akalia machozi yote aliyokuwa nayo. Kisha akaenda nyumbani kupika, na harufu ya kahawa ikaondoka pamoja naye.

Jumanne ghala lilinuka magunia na panya. Wakakaanga kahawa, wakasaga, wakachemsha, wakapata maji ya moto yenye rangi. Clavery alionja vikombe vinane, akaandika "maji" mara nane. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika maoni yake mwenyewe.

"Harufu imehamia kwa Mama Liliane," alisema Evaresta, aliyechambua kahawa pamoja na Mukakalisa. "Nimepita pale asubuhi. Hata kuku wake wananukia."

"Basi aitwe," alisema Mwesiga. "Wanunuzi wanakuja Alhamisi."

Alhamisi asubuhi bodaboda ikatumwa. Liliane, bintiye, alimkataza mama yake asiende, tena kwa maneno makali. Mukakalisa alikwenda. Kahawa ile ilipita mikononi mwake punje kwa punje, na aliionea huruma kuitwa maji mbele ya wageni. Alipovuka kizingiti, harufu ikaingia nyuma yake kama mbuzi anayerudi zizini. Wanunuzi wakaonja, wakaomba tena.

Mchana bodi ilikaa. Ajenda ya kwanza ilikuwa harufu, ya pili paa la choo. Ilikubaliwa bila ubishi kwamba harufu ni ya Mukakalisa, na kwamba kila siku ya kuonja ataitwa, aketi ndani karibu na meza. Kazi ya mwonjaji alipewa Jovin, mwenye cheti na kibanja cha babu yake. Jovin akaonja kikombe cha kwanza, akainama sikioni kwa Mukakalisa.

"Mama, hii niandikeje?"

Alimwambia. Afanye nini? Kahawa haikuwa na kosa.

Wakapiga picha ya pamoja, yeye akawekwa mstari wa mbele, katikati. Halafu Mwesiga, ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa, akataka kumheshimu zaidi. Akashusha rafuni kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa pamoja na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Huku Karagwe mgeni hupewa hiyo kabla ya mazungumzo yoyote. Mwenye nyumba hapewi, hujichotea.

"Karibu sana, mgeni wetu," alisema Mwesiga, akimnyooshea kikapu.

Watu wakapiga makofi. Mukakalisa alipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo mgeni anavyopokea. Neno lile lilimuuma kuliko fomu. Akatafuna moja, akatafuna ya pili, polepole, na ghala zima likanukia. Zilikuwa zimeiva vizuri, majani hayakuzidi. Alizichemsha yeye mwenyewe, wiki iliyopita.