Kitanda cha Bibi Mariamu

Mimi si mtu wa ugomvi. Waulizeni wote wanaonijua hapa Harrow, London, isipokuwa Kuldip Singh na mwanangu Jokha, ambao Desemba ile ya 1988 niligombana nao wote wawili kwa kisa kimoja.

Nianze na Jokha. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na nilishamtengenezea chumba kwangu aje kukaa arubaini yake kama anavyokaa mzazi kwetu Unguja: siku arubaini kitandani, akandwe maji ya moto, afungwe mkaja wa kukaza tumbo, anywe uji wa pilipili manga, asinyanyue hata kijiko. Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu tangu aanze shule, kwamba akitoka hospitali atarudi kwenye fleti yake, na kwamba kumfungia mtu ndani siku arubaini ni mambo ya kizamani. Mumewe, Mwadini, kijana mpole, alikuwa anatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo mimi na Jokha tukabaki na salamu tu.

Iliniuma sana. Jokha nilimzaa Tooting, upande mwingine wa London, Januari ya 1965, mwaka mmoja baada ya mapinduzi, katika chumba cha kupanga ghorofa ya tatu. Mama yangu yuko Unguja, yeye hawezi kutoka, mimi siwezi kurudi. Siku ya tatu nilikuwa nashuka ngazi na ndoo ya nepi. Hakuna aliyenikanda, hakuna aliyenikorogea uji. Kisa hiki sikuwahi kumsimulia Jokha. Niliapa tu kimoyomoyo kwamba yeye hatapita nilipopita mimi.

Sasa Kuldip. Yeye ni mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinashinda cha binti yangu, na ndiye mwenye duka la mapazia na matandiko ninaloshonea. Mwaka ule chama cha wenye maduka kilimpa nafasi ya kupamba lori kwenye maandamano ya Krismasi, ambako lori zuri kupita yote hupewa zawadi. Baba Krismasi alishachukuliwa na muuza viatu, theluji na muuza samaki. Kuldip akabakiwa na kuzaliwa kwa Nabii Issa.

"Bi Mardhiya, nakuachia wewe," akaniambia. "Pamba unavyojua."

Hilo kosa lake, si langu.

Ijumaa akaleta marobota mawili ya majani makavu na punda wa mbao. Nikamuuliza majani ya nini.

"Ya kulalia Bibi Mariamu."

"Mzazi wa jana? Umlaze kwenye majani, punda anampumulia usoni?"

"Lakini picha zote ndivyo zilivyo!"

"Hao waliochora picha walizaa lini?"

Tukampelekea kesi Priscilla, binti wa Moshi aliyekuwa anauza mito pale dukani. Ndiye aliyekuwa Mkristo peke yake kati yetu, kwa hiyo ndiye mufti wetu. Akasema hori ni lazima liwepo, lakini kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa Mariamu, na ana mafua, kitanda hatakikataa.

Basi nikapamba. Nilitandika kitanda cha chuma cha nguzo nne, nikakifunika juu kwa besera la satini ya kijani, nikashusha mapazia mazito pande zote upepo usimpate. Ndani nikaweka mfarishi, mito sita, chupa mbili za maji ya moto na sahani ya tende, kwa sababu kwetu sisi Waislamu Bibi Mariamu alipewa tende. Mtoto, mwanasesere wa plastiki, nilimpaka wanja na kumlaza ndani ya hori lenye godoro. Sufuria la uji nililifunga mablanketi matatu.

Jumamosi Kuldip akaja na joho la Yusufu. "Ndevu ninazo, kilemba ninacho," akasema, na kweli London nzima hapakuwa na Yusufu aliyekamilika kama yeye. Nikamwonyesha kiti cha mbele, kwa dereva.

"Kwa mzazi wanaume hawaingii."

"Mimi si ndiye mumewe?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema." Punda nikampakia huko huko mbele.

Kabla hatujaondoka akaja mama mmoja wa kamati na daftari lake. Akauliza Mariamu yuko wapi. Nikamwambia amelala. Mtoto je? Naye amelala. Watu watawaonaje sasa? Nikamwambia hawatawaona, mtoto ana siku moja. Kuldip alifunika uso kwa joho. "Bi Mardhiya, majaji hawatatupa hata pointi moja!"

Tulipofika barabara kuu mvua ya barafu ikaanza. Kwenye lori la mbele yetu malaika walikuwa wanatetemeka meno, na theluji ya pamba ya muuza samaki ikageuka ugali. Kwetu kulisikika mkoromo wa Priscilla tu. Msafara ukakwama kwenye taa, na bibi mmoja wa Kiingereza akagonga ubavu wa lori, akaomba kuchungulia. Nikamuuliza amezaa wangapi. Watano. Nikamfungulia pazia, nikampa kikombe cha uji. Akamtazama Priscilla chini ya mfarishi, akasema kwa sauti kwamba hatimaye kuna mtu aliyempa yule binti kitanda. Punde ukawa mstari wa wanawake hadi kwenye kona, na malori ya nyuma yanapiga honi. Wanaume niliwaambia wakaongee na Yusufu.

Nikiwa nachota uji nikaona mkono wenye bangili ninazozijua. Jokha, amelowa, tumbo mbele. Nikamshika, akapanda, akaingia chini ya mfarishi ubavuni mwa Priscilla. Akanywa kikombe chote, miguu juu ya chupa ya moto, anasikiliza wale wanawake wanavyosimuliana uzazi wao nje ya pazia. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili:

"Mama, wewe nani alikukorogea uji?"

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Halikuja. "Hakuna," nikamwambia. "Siku ya tatu nilikuwa nashusha nepi."

Akajisogeza, akafunua mfarishi upande wake.

"Nitakuja. Siku arubaini," akasema. "Lakini na wewe ulale. Anza leo."

Nikavua viatu, nikaingia na aproni yangu, nikalia ndani ya satini mpya ya Kuldip. Lori likaanza kwenda. Kutoka mbele nikasikia anapiga kelele:

"Bi Mardhiya! Majaji wanauliza, Mariamu wangapi humo ndani?"

"Waambie watatu," nikamjibu, nikavuta pazia.