Daktari wa Getini

Shemeji yake fundi cherehani alikuwa mlinzi wa geti la zahanati, na kwa miaka minane ya kufungua na kufunga geti lile alijiona amehitimu udaktari. Ukoo mzima, kwa ujinga wao, walimkubalia. Mtu akikohoa, mtoto akianguka, anaitwa yeye, naye anakuja na sare yake, anabonyezabonyeza, anaguna, anatoa hukumu. Kulinda geti ni kazi ya heshima. Angeifanya hiyo tu, nani angemdharau?

Juzi binti wa fundi, wa miaka mitano, alianguka ngazini akachubuka chini ya goti. Fundi mwenyewe, mama yake, alimwosha kwa maji safi na sabuni, akamfunga kitambaa kisafi, basi. Hakuwa mtu wa kupapatika. Lakini leo asubuhi pamevimba na pana moto, naye akachukua kalamu ya wino akachora mstari kufuata ukingo wa uvimbe.

"Unampima suruali?" Shemeji, aliyekuwa amekuja kunywa chai ya watu, alicheka hadi tumbo likatikisika. "Mama, usikuze mambo. Vidonda vingapi nimeviona vikipita pale getini! Mpake dawa ya meno, kesho anaruka kamba."

"Vikipita, sawa. Vikitibiwa je, uliviona lini?"

Mumewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Bwege yule aliona aibu kwa ajili ya kaka yake, wala si kwa ajili ya mtoto. Shemeji akamalizia chai, akaenda zamu.

Saa saba mchana uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari kwa vidole viwili. Usaha ulianza kutoka, mtoto kachemka mwili, kakataa kula.

"Tumsubiri kaka atoke kazini," mume alisema. "Amwangalie tena."

Fundi alimtazama mwanamume aliyezaa naye, akamdharau waziwazi.

"Msubiri wewe." Akambeba mtoto mgongoni, akatoka.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Shemeji alisimama getini kifua mbele, ufunguo mkononi, na alipowaona akawageukia watu.

"Huyu wa kwetu. Nimeshamwangalia asubuhi, hana kitu. Mama, rudi nyumbani, wagonjwa ni wengi."

Watu wote wakageuka. Mtoto alikuwa anatetemeka, pumzi yake ya moto shingoni mwa mama. Hapo fundi aliogopa, akaogopa kweli, maana mjinga akiwa mezani unamjibu yakaisha, lakini huyu sasa alikuwa na ufunguo.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, "wewe ni mlinzi. Fungua geti."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Macho ya shemeji yakashuka kwenye ule mguu uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa mama. Aliutazama. Kwa mara ya kwanza hakubonyeza wala hakuguna. Akafungua geti.