Swali la Usingizi

Mlango wa tisa nao ulifungwa, tena kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma Profesa Annie Mianda kuliko kama angefukuzwa.

"Bwana hayiko, mama," mwenye nyumba alisema, akimrudishia karatasi yake ya maswali. "Na shiye hatuna matata na muntu."

Hapo ni Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe mpaka ardhi ikabaki na matobo ndani kama mkate ulioliwa na panya. Profesa Annie aliijua ardhi hiyo kwa namna yake. Ujana wake aliumalizia kwenye mitambo inayosikiliza mitetemo ya udongo. Baadaye wakubwa wakamtoa maabara, wakampeleka Addis Ababa, akakaa miaka tisa akiwaeleza mabalozi madini hutoka wapi. Sasa alikuwa amerudi nyumbani kufundisha chuo kikuu na kutafiti usalama wa watu wanaoishi juu ya mashimo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Ujumbe wa nchi unaokwenda kwenye mazungumzo ya madini ulikuwa umemwahidi kiti, ila ulimtaka alete sauti za wakazi. Asipozileta, kiti chake anapewa mwingine, mtu aliyeiona Kasulo kwenye picha za satelaiti tu. Leo Jumatano, na hakuwa na sauti hata moja.

Nyuma yake alitembea Micheline Mpoyi, mama kijana wa mtaa huohuo, aliyekuja kumwonyesha njia, mtoto wake Gloire mgongoni. Sasa akamsogelea.

"Prof, mi niko na kaswali. Usikasirike."

"Sema, mama."

"Ile karatasi, ni nani aliandika?"

"Mimi."

"Aa." Micheline akamkaza mtoto vizuri mgongoni. "Inauliza kama muntu eko na usalama mu nyumba yake. Sasa hapa kwetu, ukisema usalama, bantu banasikia bale ba miwani nyeusi, benye banakuyaka kuuliza bwana yako eko wapi. Na we uko na miwani, Prof."

Profesa akaivua miwani ya jua haraka, kama vile imemchoma, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Miaka tisa ya mikutano, na neno aliloliweka kwenye jalada la kila ripoti ndilo lililomfungia milango tisa! Aibu ilikuja baada ya kicheko.

"Wewe ungeuliza namna gani?"

"Mi? Ni vile tu tunasalimianaka asubuhi. Mulilala muzuri? Halafu unanyamaza. Usiandike kwanza."

Mlango wa kumi ulikuwa wa Mama Tshiamala, muuza makala, yaani mkaa.

"Mulilala muzuri, mama?" profesa aliuliza, mikono mitupu.

"Tulilala, mama. Aksanti."

Mama Tshiamala akaendelea kupanga makala yake katika mafungu. Profesa akanyamaza. Kwa mtu aliyezoea kujaza saa mbili za darasa, ilikuwa kazi ngumu kweli. Fungu la tatu, fungu la nne.

"Lakini kulala gani?" Mama Tshiamala alisema ghafla. "Kitanda tulikisogeza mara tatu. Tunasikia bale ba chini banagonga, ko, ko, ko, chini ya kichwa ya batoto. Bakigonga, ni muzuri, udongo ingali inababeba. Siku bananyamaza, njo tunatoka inje na batoto."

Profesa Annie akaketi kwenye gunia bila kukaribishwa. Kwenye mitambo yake, ukimya ulichorwa kwa rangi ya kijani: maana yake salama.

"Rudia, mama, tafadhali. Sasa naomba niandike."

"Andika. We si uliuliza muzuri?"

Kufika Alhamisi jioni walikuwa wameingia nyumba thelathini na moja, na Gloire alikuwa amelishwa ndizi karibu katika kila moja. Kurasa zikatumwa. Ijumaa mchana jibu likaja kutoka Kinshasa: kiti ni chake, ajiandae kusafiri, na aanze hotuba kwa maneno ya yule mama wa makala.

Hakwenda nyumbani kusherehekea. Alimtafuta Micheline kwenye shule ya masomo ya jioni, alikokuwa akijifunza kusoma, akamkuta mlangoni na madaftari yake, akamwonyesha ukurasa wa kwanza wa ripoti. Majina yalikuwa mawili, yamepangwa mstari mmoja.

Micheline akasoma kwa kidole. "Annie Mianda na Micheline Mpoyi, wa-ta-fi-ti. Prof, watafiti ni nini?"

"Ni watu wa kutafuta."

"Kutafuta?" Micheline akapiga makofi kwa kicheko. "Basi andika Kasulo yote! Hapa nani hatafutake?"

"Wengine wanatafuta madini," profesa alisema. "Wewe ulinitafutia swali. Aksanti, mama. Aksanti sana."

Kengele ya darasa ikalia. Micheline akamfungua Gloire mgongoni, akamweka mikononi mwa profesa bila kuomba ruhusa.

"Basi nishikie mutafiti mudogo, saa moja tu. Leo tuko na mtihani."